Shoga wa Upande wa Pili wa Pazia

"Mwenzangu, leo nimezaliwa halafu unanishikia soda? Unataka watu waseme sina rafiki?"

Msusi aliyasema hayo chupa mkononi, mbele ya wateja wake wote. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Mtaa mzima ulimwita Kicheko, na hakuna aliyekumbuka tena jina lake la kuzaliwa.

Aliyekuwa anasemwa ni rafiki yake wa kufa na kuzikana, mshonaji waliyemwita Pindo. Wawili hao walikodi fremu moja ya duka wakaigawa kwa pazia. Upande wa barabarani vioo na madraya ya nywele, upande wa ndani cherehani na meza ya kukatia vitambaa. Kwa miaka walifungua kazi pamoja, wakafunga pamoja, na wakishafunga wakafungua chupa pamoja.

Mpaka siku Pindo, kichwa bado kizito kwa pombe ya usiku, aliposinzia na pasi ya moto juu ya gauni la bibi harusi. Gauni liliungua kifuani, na harusi ilikuwa siku hiyo hiyo. Bibi harusi hakumtukana. Alikaa tu kwenye kiti akalia kama mtoto. Pindo hakuyasahau yale machozi. Akaamua: glasi moja Jumamosi, nyumbani, akiwa na mumewe. Zaidi ya hapo, hapana.

"Nimekwambia napunguza, shoga," alisema sasa, akijaribu kutabasamu. "Sijakususa."

"Kapunguze magauni ya watu huko! Pombe haina mshono!"

Vicheko tena. Pindo akashika soda yake kwa mikono miwili.

"Haya basi, yaishe," Kicheko akamkumbatia. "Nakuletea juisi mwenyewe, nisije nikaambiwa namwonea mke wa mtu."

Juisi ikaja, baridi, tamu. Ikaja na nyingine. Muziki ukakolea. Pindo alipoinuka kuaga, sakafu ilikuwa imeinamia upande mmoja.

Nyumbani, mumewe alikuwa amekaa sebuleni. Yeye ni mwokaji mikate, mtu wa kulala mapema ili awahi tanuri. Leo hakulala.

"Umekunywa," alisema.

"Juisi, mume wangu. Haki ya Mungu, juisi tu."

"Juisi haikufanyi ushike ukuta."

"Labda nimechoka. Labda presha..."

"Pindo, ungesema tu umeshindwa. Ningekuelewa. Lakini usinidanganye."

Akaingia chumbani. Pindo akabaki amesimama, kichwa kikizunguka, akijiuliza kama ameanza kupata wazimu.

Tangu hapo nyumba ikapoa. Mwokaji alirudi kazini, akaweka mkate mezani, akapita. Jumamosi Pindo alipotoa glasi mbili, mumewe alizitazama kama mtu anayetazama kitu kilichokufa.

"Ya nini tukae hapa tuigize?" alisema. "Unayokunywa huko hayatoshi?"

"Huko wapi? Nani kakwambia?"

Mumewe akainuka akaenda kulala.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu, mimi sikuhukumu. Lakini mume wako kaja hapa, kakaa jikoni kwangu, kalia. Mwanamume mzima."

"Mama, mimi silewi. Nakuapia."

"Sawa, mwanangu," yule mama akahema. "Wewe jitahidi tu."

Pindo alikata simu akalia mpaka akaishiwa sauti. Na alipotaka kifua cha kulilia, alisogeza pazia.

"Shoga, mume wangu ananiona mlevi. Hata mama yake. Sijagusa kitu! Nifanyeje?"

Kicheko akaacha nywele za mteja, akamkumbatia. "Wanaume hao! Usijitese, mwaya." Akainama, akatoa chupa chini ya kabati. "Piga funda moja utulize moyo. Kama lawama unazipata, angalau uzipate umeonja."

Pindo akaishika ile chupa. Akaiweka karibu na midomo.

"Hapana," akasema, akairudisha.

"Unajifanya mtakatifu?"

"Hapana, shoga. Naogopa."

Uso wa Kicheko ukabadilika kidogo, kisha akarudi kwa mteja wake.

Siku iliyomfungua Pindo macho, umeme ulikatika mchana. Saluni haina kazi bila draya, Kicheko akatoka. Pindo akabaki nyuma ya pazia, akipiga bandi gauni kwa mkono, pini zimemjaa mdomoni. Cherehani kimya. Redio kimya.

Kicheko akarudi, simu sikioni. Kwa ule ukimya, alidhani yuko peke yake.

"Shemeji, pole na kazi... Sijui hata nikwambieje. Ndiyo. Leo tena. Mchana huu huu!... Kalala chini ya meza ya kukatia, nimemfunika kitambaa... Hapana, usije, utamwaibisha mbele ya wateja. Mwache alale."

Pindo akaacha sindano ndani ya kitambaa.

"Wewe umekula lakini?" Sauti ya Kicheko ikalainika. "Basi pita kwangu jioni tuongee, kama siku ile. Usilie, shemeji. Mimi nipo."

Pindo akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake. Alitaka kupiga kelele. Badala yake akachukua simu akamwandikia mumewe:

"Niko kazini. Njoo sasa hivi. Usimpigie mtu yeyote kwanza."

Tanuri halikuwa mbali. Mwokaji alifika anatweta, aproni bado kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi. Kicheko alimwona kwenye kioo akaruka.

"Shemeji! Si nilikwambia usije?"

Pazia likafunguka.

"Nimemwita mimi," Pindo alisema. "Aje anifunue kitambaa nilichofunikwa."

Mwokaji alimtazama mkewe, akatazama chini ya meza, akamtazama mkewe tena.

"Nisogelee uninuse," Pindo akamwambia. "Niambie nitembee. Uniulize chochote unachotaka."

Mwokaji hakuuliza. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akatoa simu yake, akaifungua, akampa mkewe.

Pindo akasoma.

"Leo kalala kwenye kochi la saluni. Nakwambia kwa sababu nampenda kama ndugu. Usimwambie, ataniona mbaya."

Siku ya ujumbe huo Pindo alikuwa ameenda kununua vitambaa. Hata fremu hakuikanyaga.

"Asante shemeji. Bila wewe ningechanganyikiwa." Hayo ni maneno ya mumewe.

Akashuka chini zaidi. Akasimama. Akasoma kwa sauti:

"Bado nanusa mkate kwenye nguo yangu."

Akainua macho. Hakumwangalia Kicheko. Alimwangalia mumewe.

"Mkate umefikaje kwenye nguo yake?"

"Hakuna kilichotokea!" Kicheko akadakia.

"Sijakuuliza wewe."

Mwokaji alikuwa anaufuta unga mikononi, unga usiotoka. "Nilienda kwake kuongea juu yako. Nikalia. Akaniegemea."

"Na wewe?"

"Sikumsukuma."

"Halafu?"

"Halafu nikaondoka. Lakini nilichelewa kuondoka, Pindo. Ningekuwa mwongo nikisema niliondoka palepale."

Pindo akarudisha ile simu. Ndipo akamgeukia mwenzake.

"Na ile juisi ya siku yako ya kuzaliwa?"

Kicheko akaanza kucheka, kama alivyozoea jambo likimshinda. Akaishia katikati.

"Niliongeza kidogo. Kitu kikali, hakina harufu. Nilitaka tu ucheke kama zamani."

"Nimefikiri nina ugonjwa wa kichwa! Nimekulilia hapa hapa ukanishika!"

"Na mimi ulifikiri naishije?" Kicheko akalipuka. "Tangu upunguze pombe, ulinipunguza na mimi! Ukifunga cherehani huyo, mbio kwa mumeo. Mimi nakimbilia wapi? Kwenye chumba kimoja na televisheni? Nikasema wakigombana kidogo utarudi kwangu. Halafu huyu akaanza kuniambia asante. Kila siku asante shemeji, asante shemeji. Hujui, mwenzangu, mimi hakuna mtu ananiambia asante."

"Ungeniambia uko mpweke."

"Ungecheka."

"Ningekuja kukaa kwako na soda yangu kila siku," Pindo alisema, na sasa sauti ikamvunjika. "Kila siku, shoga. Ulikuwa huna haja ya kunilewesha."

Kicheko akafunika uso kwa taulo la saluni.

Pindo akaanza kukunja vitambaa. Mwokaji akainuka, akashika cherehani kutaka kuibeba.

"Iache," mkewe akamwambia. "Nitaita mwenye mkokoteni."

"Tunaenda nyumbani?"

"Wewe nenda. Mimi naenda kwa dada."

Dada yake Pindo alikuwa na ulimi mkali na mlango mwembamba. Mwokaji alipofika kesho yake, aliukuta nusu wazi.

"Hayupo, shemeji."

"Mbona namwona nyuma yako?"

"Kwako hayupo. Kwa sisi wengine yupo."

Akaondoka. Akarudi. Siku moja alimleta mama yake, na yule mama akaongea kabla hajakaribishwa. "Mwanangu, uliniapia nikakwambia ujitahidi. Nimekukosea." Pindo akatoka nje akamkumbatia, akamwingiza ndani, akamwacha mwanawe barazani.

Siku nyingine akaja peke yake, na Pindo akakubali kukaa naye pale nje.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini? Utaje."

"Kwa kumwamini yule."

"Hata mimi nilimwamini. Taja lako."

"Nilikuwa naishi na wewe nyumba moja, nikawa nauliza habari zako kwa mtu mwingine. Na ulipojibu, nikachukua jibu lake nikaacha lako. Na nilikaa kwake muda ambao sikupaswa kukaa."

Pindo akaitikia kwa kichwa. Ndani, dada akakohoa kuonyesha kwamba anasikia kila kitu.

"Wewe nitakusamehe," Pindo alisema mwishowe. "Nahisi nimeshaanza, na inaniudhi. Yule ndiye sijui nimweke wapi. Kaniandikia, sijamjibu. Lakini kitu kikinichekesha mchana, mkono wangu unatafuta simu nimwambie. Nimeshabonyeza jina lake, ndipo nakumbuka. Hilo ndilo linaniuma, mume wangu. Nampigia nani sasa?"

"Nipigie mimi."

"Wewe? Wewe huchekeshwi na kitu."

"Nitajifunza. Leo umechekeshwa na nini?"

Pindo akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

"Kuna mteja kaniletea suruali hapa kwa dada," akaanza bila hamu. "Anataka nimpanulie kiuno, lakini mkewe asijue. Kamwambia mkewe siku hizi anafanya mazoezi."

Mwokaji akakunja uso. Akafikiri sana.

"Lakini tumbo," akauliza kwa dhati kabisa, "mke si ataliona?"

Pindo akaziba mdomo, ikashindikana. Akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, mengine ya kucheka na mengine ya yale yaliyompata. Ndani dada naye akapasuka. Mwokaji akawa anageuza shingo huku na huku, hajui amesema nini.

"Begi langu liko nyuma ya mlango," Pindo alimwambia, bado anajifuta macho. "Lichukue kabla sijabadili mawazo."