Faini ya Mkalimani

"Mwambie baba wa binti kwamba tumeona moshi juu ya paa lake, tukajua humu ndani kuna moto wa kuota. Tumetoka mbali, na baridi ya Buea imetuingia mifupani."

Mzee Tchuente, msemaji wa wageni, alimaliza kusema kwa Kifaransa, akaketi. Sebule nzima ikamgeukia Enjema, msichana aliyekaa kwenye kigoda katikati ya pande mbili, ayageuze maneno hayo kuwa Kiingereza. Enjema akafungua mdomo.

Macho yake yalikuwa yamenasa kwa kijana aliyeketi kuliani kwa mzee, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha rangi ya buluu na nyeupe. Kiti cha bwana harusi. Na aliyekikalia alikuwa Hilaire. Hilaire wake.

"Binti," Pa Mokake akamgutusha, "mgeni kasema nini? Au Kifaransa chake kina miiba?"

Watu wakacheka. Enjema akayasema yote: moshi, moto, baridi. Wenyeji wakaguna kwa kuridhika. Hodi ilikuwa imebishwa vizuri.

Hakualikwa kwenye shughuli hii. Asubuhi hiyo mkalimani waliyemtegemea aliamka amekaukiwa na sauti kwa mafua, na shangazi wa bibi harusi akapanda pikipiki kutoka hapa Bokwango mpaka mtaa wa Soppo, akamkuta Enjema akimsaidia mama yake kukaanga maandazi. Wageni wanatoka Douala, shangazi akasema huku anahema, Kiingereza hawakijui hata cha kuombea maji, njoo utuokoe. Enjema alikuwa amelelewa Douala kwa mama yake mdogo, na lugha zote mbili zilikuwa zake. Akanawa unga mikononi, akavaa gauni lake la kijani, akaenda. Bwana harusi ni nani, hakuuliza. Nani huuliza?

Mlangoni Pa Mokake, mjomba wa bibi harusi na msemaji wa nyumba, alimpa sheria.

"Leo wewe ni mfereji, mwanangu. Maji yakiingia matamu yatoke matamu, yakiingia machungu yatoke machungu. Ukiongeza tone lako mwenyewe, ni faini. Na faini ya msichana hulipwa na watu wake, mbele ya watu."

Enjema alicheka wakati ule. Tone gani angeongeza yeye, ambaye hata dukani huagiza kwa kuonyesha kidole?

Simu yake ikatetemeka mapajani. Akaitazama kwa kificho. Ulikuwa ujumbe wa Hilaire, kwa Kiingereza alichomfundisha yeye mwenyewe:

"Usikimbie. Nitakueleza."

Akaigeuza simu kifudifudi. Aeleze nini? Kiti kilikuwa kimeshaeleza.

Hilaire Siewe aliuza vipuri vya pikipiki pale Molyko. Wateja wake wengi walikuwa wa Kiingereza, naye ni mtu wa Kifaransa, ndipo akatafuta mwalimu. Jioni akifunga duka alikuja Soppo, anakaa kwenye benchi la mama Enjema, anakula maandazi na maharage, anasoma. Somo lililowaponza lilikuwa la neno moja tu la Kiingereza, "run", yaani kukimbia. Hilaire alidhani kwa kuwa analijua "courir", neno la kwao la kukimbia, basi kazi imekwisha. Siku mteja alipomwambia injini inakimbia vizuri, alitoka nje kutazama imekimbilia wapi.

"Kiingereza hiki kina mbio, mwalimu," alilalamika jioni hiyo. "Bomba linakimbia. Pua inakimbia. Mwenye duka analikimbiza duka lake. Chumvi ikiisha, mmekimbia mkaimaliza. Nyie hamchoki?"

"Na nyie je?" Enjema akamjibu, macho kwenye sufuria. "Kwenu pua inatiririka, duka linashikwa, na mtu akitoroka mnasema amejiokoa. Hata mwizi?"

"Hata mwizi. Mwizi hana haki ya kujiokoa?"

Walicheka mpaka mama mtu akauliza kama somo ni la kucheka. Ikawa kila jioni Enjema anatafuta mbio nyingine ya kumfundisha, ili tu somo lisiishe. Jioni moja Hilaire akauliza Waingereza husemaje mtu akikutana na mwenzake bila kutarajia.

"Husema amekimbia akaingia ndani yake."

"Sisi husema amemwangukia." Hilaire akachora mezani kwa kidole. "Basi mimi nilikuangukia, Enjema. Na mpaka leo sijainuka."

Enjema alikoroga maharage mpaka yakawa uji. Maandazi ya Hilaire siku hiyo yalikuwa mengi kuliko aliyoyalipia.

Kisha Hilaire akaaga kwenda Douala. Kuna jambo la ukoo, alisema, na kwao jambo la namna hiyo halitajwi kabla divai haijanyweka, wasije wenye husuda wakaliharibu. Likimalizika, atakuja kumwona mama.

Kumbe jambo la ukoo ndilo hili, limeketi limechana nywele.

Pa Mokake alisimama sasa, mikono nyuma, akajibu kwa Kiingereza cha madaha. Binti yetu Limunga, alisema, hakimbilii wanaume. Anakimbiza duka lake mwenyewe la vitenge kule Limbe. Na ukarimu katika nyumba hii unakimbia ndani ya damu, kwa hiyo kaeni mle.

Neno lilelile, mara tatu. Kama mtu aliyetumwa kumtia kidole jichoni.

Enjema akaanza kugeuza. La kwanza Kifaransa kilikubali kukimbia: hakimbilii wanaume. La pili hapana, duka halikimbizwi kwa Kifaransa, linashikwa. La tatu nalo hapana, ukarimu ni wa ukoo, basi. Na kila alipotaka kusema aliiona midomo ya Hilaire ikitangulia kimyakimya, kama mwanafunzi anayejua jibu na anataka mwalimu amwone. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Ana furaha gani huyu?

"Muulize mgeni jambo moja," Pa Mokake akaendelea, na sasa hakutania. "Akishaolewa, duka la binti yetu litafungwa? Kama ndiyo nia yao, wachukue divai yao warudi nayo."

Mzee Tchuente hakusita. "Duka ni lake. Hata mumewe akitaka kitambaa, atanunua kama mteja mwingine, na asiombe kupunguziwa."

Jibu lile lilikuwa mikononi mwa Enjema sasa, na mwa Enjema peke yake. Upande huu hakuna aliyelielewa. Akisema tu kwamba mzee amesema litafungwa, mlango unafungwa, wageni wanarudi Douala, na Hilaire harusi hana. Sentensi moja. Nani angejua, isipokuwa Hilaire?

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya pazia, sauti ya bibi harusi ambaye bado hakuruhusiwa kuonekana.

"Dada, wamesemaje? Tafadhali usinifiche."

Sauti ilikuwa inatetemeka. Enjema alilijua tetemeko lile, maana alikuwa nalo yeye mwenyewe kifuani.

"Wamesema duka ni lako," akajibu. "Na mumeo akitaka kitambaa atanunua, wala asiombe kupunguziwa."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Shangazi akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Enjema alikaa katikati ya shangwe ile kama jiwe mtoni. Nimewapa Hilaire, aliwaza. Nimewapa kwa mdomo wangu mwenyewe. Basi angalau nijue kitu kimoja.

Akamgeukia Mzee Tchuente. Hakuna aliyekuwa amesema neno, lakini yeye akasema, kwa Kifaransa kilichonyooka:

"Baba wa binti anauliza. Kijana huyu aliyeketi hapa, hana msichana mwingine humu Buea?"

Hilaire akataka kusimama. Mzee akamkandamiza goti akae, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu? Huyu amemwazima kaka yake makalio ya kukalia kiti, basi. Mwenye mke si yuko Ubelgiji, mlizungumza naye kwa simu mkamwona uso? Aliyekalia kiti cha kaka yake hasemi neno mpaka kikombe cha divai kipite, ndiyo sababu yuko kama bubu. Lakini mkiuliza kama ana mpenzi wake, ndiyo, anaye. Msichana wa Soppo, mama yake anauza maandazi. Ametuchosha masikio naye. Tukitoka hapa tunakwenda kubisha kwake, ndiyo maana tumeacha jogoo mwingine garini. Haya, mwambie baba."

Damu yote ya Enjema ikapanda usoni. Kigoda kikawa chembamba.

"Kasema nini?" akauliza baba wa Limunga.

Enjema akatazama vidole vyake.

"Ngoja," Pa Mokake akasema taratibu, "mbona mzee anajibu hivyo kwa kirefu? Mimi sikuuliza kitu. Wewe shemeji umeuliza kitu?"

Hakuna aliyeuliza. Macho yote yakatua kwa mkalimani, na mkalimani alikuwa anatafuta shimo la kuingia. Ndipo Hilaire akasimama, mkono wa mzee ukamteleza.

"Pa, nisamehe," akasema kwa Kiingereza cha kuchechemea. "Najua sitakiwi kusema. Lakini mwalimu wangu amekwama, na mwanafunzi lazima asaidie. Mzee anasema mimi ni kaka wa bwana harusi tu. Na anasema nina msichana. Nilikimbia nikaingia ndani yake kwenye benchi la maharage. Kwetu tunasema nilimwangukia." Akamtazama Enjema. "Alifikiri mke ni wa kwangu. Swali ni lake."

Shangazi akapiga makofi mapajani. "Huyo wa benchi la maharage ni huyu huyu? Na mimi ndiye niliyemleta kwa pikipiki?"

Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani. Pa Mokake peke yake hakucheka, au alijizuia.

"Mfereji umeongeza maji," akatangaza. "Sheria ni sheria. Jogoo mmoja na dumu la divai ya mnazi. Watu wake wako wapi?"

"Mama yuko Soppo, Pa," Enjema akanong'ona. "Nimekuja peke yangu."

Mzee Tchuente akataka aambiwe kinachoendelea. Hilaire akamweleza sikioni, na mzee akainuka, akafunga vizuri vazi lake.

"Tutalipa sisi."

Pa Mokake alipogeuziwa hilo akamtazama sana. "Mwambie mzee kwamba anayelipa faini ya msichana hapa kwetu amesema ni mtu wake. Amelifikiria?"

"Tulilifikiria kabla hatujatoka Douala," mzee akajibu. "Jogoo ateremshwe. Kwa mama mtu tutafika na mwingine, tutamnunua njiani."

Baada ya hapo Limunga akatolewa nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaonja divai, akampa Hilaire kikombe. Hilaire hakunywa. Alikielekeza kwenye simu aliyoishika shangazi, ambamo kaka yake alikuwa amevaa koti zito na analia kama mtoto. Limunga alipopita karibu na kigoda akainama.

"Ulitaka kunivunjia, eti dada?"

"Nilitaka. Nikashindwa."

"Basi njoo dukani, uchague kitenge. Wewe nitakupunguzia."

Jioni hiyo hiyo, ukungu ukishuka Soppo, Mzee Tchuente alibisha kwenye mlango wa mama Enjema akiwa na jogoo mpya kwapani. Mtu hakalimani kwenye hodi yake mwenyewe, kwa hiyo Enjema aliwekwa nyuma ya pazia, na maneno akabebeshwa Hilaire. Mama mtu alikuja na unga mpaka viwikoni.

"Kumbe huyu ndiye aliyekuwa anakula maharage yangu akijifanya anasoma mbio," akasema. "Haya, muulize mzee wako. Kijana wake hatamkimbia mwanangu akimchoka?"

"Hakimbii, Mama," Hilaire akajibu papo hapo. "Hachoki, na hakimbii."

Mama akakunja uso. "Nimemuuliza mzee. Hilo ni jibu la mzee, au umeongeza tone lako?"

Hilaire akainamisha kichwa. "Nimeongeza, Mama."

"Basi faini. Sheria hiyo nimeisikia, habari za Bokwango zimefika kabla yenu. Watu wako wako wapi wa kukulipia?"

Mzee Tchuente, ambaye hakuelewa hata neno, alikuwa anatabasamu tu na jogoo wake. Hilaire hakumgeuzia. Alikuwa anatazama pazia.

Pazia likatikisika. Na yule msichana ambaye hata dukani huagiza kwa kidole akasema kwa sauti, wakamsikia mpaka jirani:

"Mimi hapa."