Mwaka Uliopotea wa Hajira

King'ora cha kiwanda cha mkonge kilipolia saa kumi na mbili asubuhi, Hajira alikuwa amekwisha kusimama kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Nyumbani, bintiye Mwantumu wa darasa la sita alichota maji, akafagia uwanja, akanywa uji na kushika njia ya shule. Saa tisa alasiri mama alitoka kazini, akanawa utomvu uliombabua mikono, akaenda kusoma katika shule ya sekondari pale Korogwe. Huko alijifunza biolojia, fizikia na kemia pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa.

Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne. Walipokuwa wakiishi Kwedizinga, mtoto wake mdogo alikufa kwa kuhara, mgongoni mwake, wakiwa njiani kwenda hospitali ya Handeni. Tangu siku hiyo Hajira alitaka jambo moja tu: kusomea uganga katika chuo cha serikali, kisha arudi kijijini kutibu. Chuo kilitaka watu waliofaulu sayansi kidato cha nne.

Mwantumu alimwonea mama yake haya. Rafiki yake Josefina alikuwa na kaka aliyesoma darasa moja na Hajira, na kila asubuhi Josefina alikuja na habari mpya.

"Jana mama yako kasinzia, mate yakamwagika kwenye daftari! Darasa zima lilicheka."

Wasichana walicheka, na Mwantumu akacheka nao ili wasimtenge. Siku moja hata aliinamisha kichwa, akaachama kinywa na kukoroma kama mama yake. Walimpigia makofi.

Ikafika wiki ya majaribio ya mwisho ya maabara. Ambaye angekosa bila taarifa angekatwa jina kwenye orodha ya mtihani. Siku ya zamu ya Hajira korona iliharibika, na nyapara Mhina akatangaza kwamba hakuna kutoka mpaka kazi iishe. Hajira alipomwomba ruhusa, alimjibu mbele ya watu, "Unataka kazi au unataka kemia? Chagua moja, nafasi yako ina wengi wanaoitaka."

Mwantumu alipomletea mama chakula, Hajira aliandika barua haraka. "Kimbia, mwanangu, umpe Mwalimu Bonaventura. Mwambie nimezuiwa kazini, naomba nifanye kesho."

Kwenye lango la sekondari Mwantumu aliwakuta Josefina na wenzake wakimsubiri kaka yake huku wakila karanga.

"Umekuja kumbebea bibi daftari?" Josefina akauliza. Wote wakaangua kicheko.

"Napita tu," Mwantumu alijibu. Alipofika kwenye kona aliichana ile barua, akaitupa mtaroni.

"Umempa mwalimu?" mama alimwuliza jioni.

"Nimempa. Amesema sawa, Mama."

Kesho yake Hajira alirudi kutoka sekondari mapema, akamshika Mwantumu mkono na kurudi naye hadi darasani. Mwalimu Bonaventura alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi.

"Ndugu Hajira, nimekwishakwambia. Hukufika wala hukuleta taarifa. Orodha imekwenda Tanga asubuhi. Darasa langu si mahali pa kupumzikia baada ya kazi."

"Mwalimu, nilileta barua. Nilimtuma huyu."

"Basi mmoja wenu ni mwongo."

Vijana wakacheka. Hajira hakuwatazama. "Ukipenda niite mimi mwongo," alisema, "lakini mwanangu hasemi uongo."

Maneno hayo yalimchoma Mwantumu kuliko kiboko. Akaanza kulia.

"Niliichana, mwalimu. Niliona haya, niliogopa wenzangu watanicheka."

Mwalimu aliitazama mikono ya Hajira iliyojaa malengelenge, akainamisha macho. "Nimekukosea, mama," alisema. "Lakini orodha siwezi kuirudisha. Mwakani nitakuandika wa kwanza."

Kwa siku nne Hajira hakuzungumza na bintiye ila kwa jambo la lazima. Mwantumu aliwaambia wenzake mwenyewe alichofanya. Walimcheka na kumtenga, na safari hii hakujitetea. Alishika kazi zote za nyumbani, mama apate nafasi ya kusoma.

Mwaka uliofuata Hajira alifanya mtihani akafaulu, akaitwa chuoni. Siku ya safari, Mwantumu alimwuliza pale stendi, "Mama, umenisamehe?"

"Nilikusamehe pale pale darasani," mama alijibu. "Ila kusamehe hakurudishi mwaka. Nitafika Kwedizinga nimechelewa mwaka mzima, na katika mwaka huo watoto wataugua mimi sipo. Ulisema uongo ili usichekwe siku moja. Watakaoumia ni watu usiowajua hata majina. Siku nyingine aibu ikikujia, ivumilie, useme kweli."

Kondakta aliita abiria. Hajira alimbusu bintiye kwenye paji la uso, akapanda basi.