Ukuta Uliovunjwa Kansanga

"Nyumba hii hatununui," Santo alisema. "Ukuta waliouvunja hapa katikati ndio uliobeba paa. Itatuangukia."

Nabalayo akaduwaa. Walikuwa wameahidiana kwamba wakipata nyumba tu, wanafunga ndoa. Na hii ya Kansanga, ambayo Hortense, mfanyabiashara wa Kikongo, alikuwa akiiuza ili arudi kwao Bukavu, Nabalayo aliipenda tangu alipoingia. Lakini Santo alikuwa fundi mwashi wa jeshi katika kambi ya Mbuya. Akisema ukuta, nani abishe?

Hortense alibisha. Alileta ngazi, akamwambia Nabalayo apande ajionee mwenyewe. Nabalayo akachungulia darini kwa tochi. Mbao za paa zilitoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje wa upande wa pili, nzima, bila kiungo pale katikati. Santo mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutazama hivyo, walipokuwa wakizunguka kutafuta nyumba. Ukuta ule uligawa chumba tu, haukubeba kitu.

Akashuka kwa hasira. Hortense akaona heri atoke nje.

"Umenidanganya, Santo. Kama hunitaki, sema."

Santo akajikalia sakafuni.

"Mwenzangu Opoka amechukuliwa kambini. Tangu serikali ipinduliwe, sisi wanajeshi wa Acholi tunaitwa mmoja mmoja, na hakuna anayerudi. Mimi leo navuka mpaka kwenda Kenya."

"Twende wote."

"Na mama yako mgonjwa, unamwachia nani?"

Nabalayo akaketi naye sakafuni.

"Wakinikosa, watatafuta mke wangu," Santo akasema. "Ndiyo maana nilitaka unichukie. Sasa toka nje, barazani, unitukane. Majirani wasikie nimekukataa."

Nabalayo akatoka, akamtukana. Alimwita mwongo, mlaghai, mwanaume asiye na haya, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kuigiza. Santo akashika barabara ya Ggaba bila kugeuka.

Wiki haijaisha, Landrova ya jeshi ikasimama mlangoni kwa mama yake Nabalayo.

"Santo iko wapi? Wewe ni bibi yake?"

Hortense, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akawahi kueleza jinsi mtaa mzima ulivyosikia yule mtu akimkimbia binti wa watu. Mwanajeshi hakumsikiliza. Alimtazama Nabalayo, akamngoja aseme mwenyewe.

"Hakunitaka, afande. Alinikataa."

Mwanajeshi akacheka, akamwambia atapata mwingine, wakaondoka. Mama akaita kutoka ndani, akaita tena, na Nabalayo akafuta macho, akaingia kwake.