Kliki ya Kuume

Foleni katika duka la Adeline, pale kwenye boulevard ya Bunia ambapo watu huenda kuchapisha makaratasi na kutumia intaneti, ilikuwa imefika mlangoni. Courant ya umeme ilikuwa imekatika tangu asubuhi, jenereta ilinguruma uani, na kila aliyekuwa kwenye foleni alikuwa anamtazama kwa hasira mwanaume mmoja tu. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta pekee iliyokuwa inashika mtandao vizuri, amevaa shati jeupe la kola ngumu na kizibao cha wapiga picha chenye mifuko kila mahali. Alinukia manukato, na hakuwa na haraka hata kidogo.

Falone alikuwa nyuma yake. Alikuwa amevaa kikwembe cha bluu chenye ndege wa manjano, kilichoshonwa kikamkaa vizuri mwilini, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu la barabarani. Alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Papa, uko unatuma nini mpaka saa hii?"

"Picha, mama. Iko inabakia mingi."

"Na unazituma moja-moja?"

"Njo vile banatumaka."

"Nani alikuambia?"

Mwanaume akageuka kumtazama, akatabasamu kana kwamba amepewa zawadi. "Hakuna mutu aliniambia. Mi mwenyewe nilijifunza."

"Inaonekana. Toa mukono."

Falone akainama juu ya bega lake, akashika kipanya. Akachagua picha zote kwa mpigo, akabonyeza upande wa kuume, na ile orodha ndogo ikashuka kwenye kioo. Akateremka mpaka kwenye neno la kubana, akabonyeza. Picha zote zikajikusanya ndani ya faili moja lenye alama ya zipu. Akalituma faili hilo moja, basi, kazi ikaisha. Foleni ikapiga makofi.

"Kliki ya kuume," Falone akasema. "Iko pale tangu kompyuta yenyewe inazaliwa."

"Na jina yako?"

"Jina yangu haiko kwenye ile orodha. Simama, batu bafanye kazi yabo."

Lakini wakati anainama, alikuwa ameziona zile picha. Soko la viazi la Kpandroma, kule Djugu, kwenye ukungu wa asubuhi. Wanawake wa milimani wamebeba kuni wakicheka. Nyumba za mabati na migomba, kabla ya vita kuwafukuza wenyeji wake. Falone alikuwa anafanya kazi katika shirika dogo lililokuwa linatayarisha maonyesho kwenye ukumbi wa parokia, kwa ajili ya familia za Djugu zilizokimbilia Bunia, ili wazee waone tena makwao. Alikuwa ametafuta picha kama hizo mpaka akakata tamaa. Kwa hiyo alipotoka na kumkuta yule mwanaume barazani, ameshika beignets, maandazi madogo ya moto, kwenye karatasi, hakupita.

"Naitwa Constant," akasema mwanaume. "Mi mutu wa Kpandroma. Kula kwanza, utanigombeza nyuma."

Falone akala. Akamgombeza akiwa bado anatafuna.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Constant alimpigia simu kila mchana, wakati wa chakula, akijua Falone atakuwa na mdomo umejaa sombe ya majani ya muhogo na hawezi kubishana vizuri.

"Bébé, umeamuka?"

"Ni saa saba ya muchana, Constant."

"Sawa, lakini umeamuka muzuri?"

Jumapili walitembea hadi mtaa wa Mudzipela, Constant akiwa na suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, na alimpiga Falone picha nyingi bila ruhusa. Falone alimpenda. Hata yeye mwenyewe lilimuudhi jambo hilo, kwa sababu Constant alikuwa mtu wa kuchosha kupita kiasi. Picha alizoombwa kwa ajili ya maonyesho alizileta kwa WhatsApp, zimefifia kama zimepigwa chini ya maji. Akiambiwa azibane, alizibana, kisha akalipa faili jina la "Nouveau dossier", yaani folda mpya, na jingine "Nouveau dossier", na la tatu vilevile.

"Weye ni mutu ya kunitoa roho."

"Lakini unanipenda."

"Hiyo ni jambo ingine."

Mwishowe kubana alikujua. Falone akafurahi, akaona shida imekwisha. Sasa kazi kubwa ilibaki kwa Constant peke yake: majina. Chini ya kila picha kubwa lazima jina la mtu liandikwe, pamoja na maneno machache kuhusu maisha yake, na pale shirikani hakuna aliyewafahamu wale watu. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Falone akaandaa waraka wenye picha zote na nafasi tupu chini ya kila moja, akaubana, akamtumia.

"Ijaze, nirudishie. Mwenye kuchapisha anaanza Ijumaa, na hatangojea mutu."

"Usiogope, chérie."

Siku hizo Constant alikuwa amekwenda Ariwara kupiga picha za arusi. Falone akangoja. Alhamisi asubuhi faili likafika, limebanwa vizuri, na safari hii lina jina la maana. Falone akalifungua moyo ukimdunda.

Nafasi zote zilikuwa tupu. Hapakuwa na jina hata moja.

Akampigia simu palepale, amesimama katikati ya ofisi.

"Constant, hii ni nini ulinitumia?"

"Kazi yako, bébé. Uliisoma? Ulilia?"

"Nilie nini? Haiko kitu! Iko tupu!"

"Tupu vipi? Nimeandika mpaka macho inauma."

"Usinidanganye. Niliona status yako. Ulikuwa unacheza kwenye arusi na nguo ya kung'ara."

"Nilicheza wimbo moja! Moja tu, bibi-arusi mwenyewe alinivuta! Nyuma nikarudi mu chumba kuandika, chakula ya arusi sikukula."

"Kama uliandika, maandiko iko wapi? Ilitoka ikaenda kutembea?"

Constant aliposema tena, mzaha ulikuwa umemtoka sautini.

"Falone. Niliandika juu ya batu yangu. Bale balikufa. Na weye unaniita mwongo?"

"Naita kitu na jina yake."

Simu ikakatwa. Falone akapiga tena, haikupokelewa. Akaandika ujumbe mkali, akaufuta, akaandika mkali zaidi, akautuma.

Mchana ule akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda kwenye kambi ya wakimbizi wa vita pembeni ya mji kumtafuta Mama Gertrude, shangazi yake Constant. Kama mpwa ameshindwa kazi, shangazi atayataja majina. Alimkuta ameketi mbele ya hema lake, anachambua maharagwe, kitambaa cheupe kichwani. Falone akafungua laptop juu ya magoti, akamwonyesha picha ya kwanza.

"Mama, nisaidie. Huyu njo nani?"

Mama Gertrude hakuitazama picha. Alimtazama Falone.

"Lakini haya yote Constant aliisha kuniuliza, mutoto wangu. Toka Ariwara. Ananipigia: mama, bibi ya fulani alikuwa nani? Jina ya babake banaandikaka vipi? Mpaka unité yake ya simu inakwisha, anatafuta ingine, anapiga tena. Nikamuambia, acha nilale kidogo, baba. Akasema hapana, Falone anangojea."

Falone akaitazama laptop, akalitazama lile faili lenye alama ya zipu, na polepole akaelewa. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, kwa nguvu, mpaka Mama Gertrude akamwuliza kama ni mbu.

Constant alikuwa amekwisha kurudi Bunia usiku uliopita; Falone alimkuta, kwa maelekezo ya shangazi, mbele ya shule moja, anapiga picha wanafunzi waliomaliza masomo, wamevaa makoti marefu meusi na kofia za pembe nne. Alimwona akija, akajifanya anarekebisha kamera.

"Constant."

"Niko mu kazi, madame."

"Usiniite madame. Nionyeshe tu kitu moja, nyuma nitakwenda. Uliandika vipi?"

"Na vidole."

"Constant, tafazali."

Labda ni lile neno lililomlainisha, kwa maana hakuwa amewahi kulisikia kinywani mwa Falone. Akawaomba wanafunzi wasubiri, akafungua kompyuta yake juu ya benchi. Akalibonyeza mara mbili faili lililobanwa. Likafunguka, ndani ukaonekana waraka. Akaubonyeza nao mara mbili, akaandika neno, akabonyeza kuhifadhi, akafunga.

"Njo vile. Kosa iko wapi?"

"Hukuitoa."

"Kutoa nini?"

"Ile waraka ilikuwa ingali imefungwa ndani. Kompyuta inakupa nakala ya muda tu, unaandika juu yake, ukifunga inatupa. Kwanza ni kliki ya kuume juu ya faili, nyuma 'kutoa yote'. Faili inatoka inje, njo unaandika."

Constant akasema, taratibu, kama anayejizuia asipige kelele, "Falone. Ulinifundisha kufunga. Kufungua, ulinifundisha siku gani?"

Falone alipekua kila pembe ya ile kompyuta akiitafuta nakala iliyotupwa, akatafuta mpaka wanafunzi wakavua makoti na kuondoka. Haikuwapo.

"Nisamehe," akasema mwishowe. "Nilikuita mwongo, na weye hukusema uongo. Nisamehe, Constant."

"Niko na hasira mingi."

"Uko na haki."

"Hata ukisema muzuri hivyo, niko nayo."

Lakini akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

Wakaanza upya, mchana huohuo. Constant anataja, Falone anaandika. Huyu ni Michel, fundi wa mizinga ya nyuki, aliyeimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Huyu ni Geneviève, viazi vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya jirani, na jirani hakumsamehe. Walicheka, wakabishana kuhusu herufi. Kisha ikaja picha ya mwanamke mwembamba mlangoni mwa nyumba, mkono juu ya macho kuzuia jua. Constant akaivuta kompyuta karibu.

"Huyu njo nani?" Falone akauliza, ingawa alikwisha kuliona lile paji la uso, lilelile la Constant.

"Mama." Akaigusa picha kwa kidole. "Kule Ariwara niliandika juu yake mingi. Ilikuwa muzuri. Sitaweza kuisema tena vile."

Falone akaondoa vidole kwenye kompyuta. "Usiseme vile. Sema tu alikuwa nani."

Akasema. Alisema vipande vipande, bila mpangilio, na Falone akaandika kila kimoja, mpaka akawa haoni tena herufi kwa machozi. Maneno ya kwanza hayakurudi kamwe. Haya ndiyo yaliyochapishwa.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Wazee walipita picha moja baada ya nyingine, wakisoma kwa sauti, wakiitana. Mama Gertrude alisimama mbele ya kila jina kama anayesalimia. Constant, ndani ya suti ya kijivu, alimshika Falone mkono akamvuta mpaka kwenye picha ya yule mwanamke wa mlangoni.

"Mama," akaiambia picha, "huyu njo Falone. Iko na kelele mingi. Nataka kumuoa."

Falone akautoa mkono wake. "Unamuambia mama yako mbele ya kuniambia miye?"

"Niko naambia bote pamoja. Unakubali?"

"Constant, batu banaangalia!"

"Basi jibu mbio."

"Tuma babako wadogo kwa papa kesho, Siku ya Mungu," akasema Falone, huku anajifuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Na basichelewe."

Walichelewa. Mvua ilinyesha, moto zikakwama kwenye tope, na Constant akapiga simu akisema wako karibu, kisha akapiga tena kusema hawako karibu sana. Falone alisimama dirishani, amejipamba tangu asubuhi, chakula kinapoa. Babake akamtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Mutoto, ni huyu kweli unamutaka?"

"Njo huyu, papa," Falone akasema. "Na ananichokesha."

Wakasikia viatu vizito barazani, watu wanapangusa tope, na sauti ya Constant inaomba samahani kabla hajabisha hodi. Falone akanyoosha kikwembe chake, akaenda kuwafungulia.