Hapa Nimebisha Hodi

Kwa fundi simu kulijaa, watu wamebanana mpaka kwenye ngazi. Fundi alitaka kujaribu spika aliyoibadilisha, akabonyeza rekodi ya kwanza aliyoiona, tarumbeta likalia duka zima. Mwenye simu, kijana mpiga tarumbeta wa bendi, akainamisha uso. Pembeni yake dada mmoja mwenye gauni la kijani na miwani alikuwa anaandika mbiombio nyuma ya risiti.

"Dada, unaandika nini?"

"Wimbo wako. Nota zake."

"Mimi mwenyewe sijui kuzisoma."

"Basi huujui wimbo wako," akasema, akacheka.

Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Dada yule alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake kunukuu yanayosemwa kizimbani neno kwa neno. Shahidi akikohoa, anaandika amekohoa. Miezi sita baadaye kiongozi wa bendi akataka wimbo mpya wa kijana uandikwe, ili wote waupige. Karani akachukua rekodi ambayo kijana aliifanya chumbani kwake mwenyewe, akainukuu jioni tatu, akampa kurasa nne safi ndani ya bahasha. Kijana, kwa aibu ya kutojua nota, hakuifungua. Akaipeleka hivyo hivyo, kiongozi akatoa fotokopi.

Mazoezini yakamkuta ya kumkuta. Katikati ya wimbo watu wanane walijikwaa kwa pamoja: sauti moja ya ovyo, kimya, kisha wimbo ukaendelea. Wakaangua kicheko. "Bwana mdogo, hata kosa umetuandikia?" kiongozi akauliza. Kijana alitamani ardhi immeze.

Alipiga simu akiwa bado barabarani.

"Umenifanya kichekesho."

"Nimeandika ulichopiga, mpenzi."

"Anayekupenda anakusitiri."

"Nikimrekebisha shahidi nafukuzwa kazi."

"Mimi si shahidi wako." Akakata.

Siku nne hakupokea simu zake. Ya tano ukaingia ujumbe: "Nimepewa uhamisho wa mbali. Mwisho wa kusaini ni leo saa kumi. Nilitaka kukataa kwa ajili yako. Niambie neno, au niache niende."

Kiburi kibaya, jamani. Saa tisa ilimkuta bado amekaa kitandani, simu mkononi, kidole hakiandiki. Kwa hasira akavuta bahasha aliyorudishiwa, azichane zile kurasa. Juu ya lile kosa akaona maandishi ya penseli, mepesi mno hata fotokopi haikuyashika: "Hapa nimebisha hodi. Ameshtuka. Ameendelea."

Akaweka rekodi. Kweli, mlango uligongwa, sauti ya karani ikasema, "Hodi, mpenzi," na tarumbeta likateleza. Ilikuwa siku ya kwanza karani kufika kwake. Yeye alikuwa ameshaisahau.

Aliingia ofisini kwa karani saa kumi kasoro dakika saba, shati limelowa jasho. Fomu ilikuwa mezani, kalamu imeshafunguliwa.

"Usisaini. Andika maneno yangu kwanza."

"Sema taratibu," karani akasema bila kumtazama.

"Nimekukosea, nisamehe. Kosa lenyewe ni lako na langu, na sitaki lirekebishwe. Nataka nikuoe."

Kalamu ikasimama.

"Mbona kimya?"

"Kimya nacho kinaandikwa." Akaigeuza fomu ya uhamisho, akaandika nyuma yake, akamsogezea.

Kijana akasoma: "Ameomba kuoa. Sauti imekwama kidogo. Karani analia. Amekubali."