Galaksi ya Unga

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza na mama akitafuta beseni la kufulia. Wiki ile alikuwa na haki ya kufoka. Mdogo wangu, ambaye nyumba nzima tulimwita Profesa, alikuwa amelijaza maji, akanyunyizia unga na kukoroga kwa mwiko. Alitaka kuonyesha galaksi yenye mikono iliyojipinda. Mshindi wa maonyesho ya Ijumaa angeiwakilisha shule, naye aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

"Unga wangu!" mama alifoka. "Leo tutakula nyota?"

Mikono ilitokea kweli, lakini haikudumu. Unga wa katikati ulizunguka upesi kuliko wa pembeni, mikono ikajiviringa, ikabanana, ikapotea. Profesa akakoroga tena na tena. Mimi ndiye niliyechota maji, na alikuwa ameniudhi kupita kiasi.

"Galaksi za kweli huzunguka miaka nenda miaka rudi," alinung'unika. "Mbona mikono yake haipotei?"

"Si umuulize mwalimu?"

"Nimwambie sijui? Mimi? Thubutu!"

Ijumaa nilimsaidia kulibeba beseni hadi shuleni, likiwa na mikono ya kupendeza. Mwalimu wa sayansi akakoroga. Maji yakazunguka, mikono ikabaki palepale. Akatia kidole, akabandua pamba yenye gundi. Darasa likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze.

Profesa akainama. "Niliibandika, mwalimu. Ya unga ilikuwa inapotea. Sijui kwa nini."

"Sasa si ungeleta hiyo!" mwalimu alisema, amekereka. "Swali hilo limewaumiza kichwa wanasayansi wenyewe! Kengele ikilia, mlangoni pana msongamano, lakini waliomo si walewale. Huyu anatoka, yule anaingia. Mikono mingi ya galaksi iko hivyo. Nyota na gesi hupita, msongamano hubaki. Gesi ikibanwa pale, nyota mpya huzaliwa. Zile kubwa za buluu hufa mapema, kabla hazijafika mbali, ndiyo maana mkono hung'aa."

Nafasi ilikwenda kwa mwanafunzi mwingine. Profesa alilia waziwazi.

"Jumatatu lete ya unga," mwalimu akamwambia, sauti imelegea. "Jaribio likikukatalia, linataka kukueleza kitu. Ukilitia gundi, umeliziba mdomo."

Jioni Profesa aliomba unga. Mama alimtazama, akashusha pumzi ndefu, akampimia kijiko kimoja.

"Na beseni unaosha mwenyewe," akasema.