Mlima wa Kola

Jumapili asubuhi, Mama Kola alikuwa akimnawisha uso binti yake wa miaka sita. Mtoto akacheka. Mama akaacha kummwagia maji.

"Jino lako la mbele liko wapi?"

"Lilitoka Jumanne."

"Jumanne! Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia bibi. Wewe hukuwepo."

Mama akajifanya sabuni imemwingia jichoni. Siku sita kwa wiki aliondoka mtoto hajaamka, akarudi mtoto amelala fofofo. Sauti yake aliisikia Jumapili tu. Siku nyingine zote aliitamani.

Kiwandani walishona mashati ya shule. Yeye alishona kola, na jina lake likatokea hapo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Kufika saa nne asubuhi, kola zilikuwa zimerundikana mezani kama mlima.

"Mama Kola, utatufukia!" wenzake walimtania, naye kichwa kikavimba kidogo.

Lakini kila siku saa kumi na moja jioni, kengele ya kutoka ikilia, msimamizi alisema yale yale: "Mashati hayajatimia. Hakuna kutoka."

Siku moja akaja mpangaji mpya wa kazi, mwanamke mwenye saa kubwa mkononi na daftari kwapani. Siku tatu alizunguka akitazama na kuandika.

"Huyu kaja kutukamua," wakanong'ona. "Kesho atatupima hata tukienda chooni."

Siku ya nne akasimama kwenye meza ya Mama Kola.

"Dada, hizi kola zote ni za leo?"

"Za leo! Mia mbili."

"Na mashati yaliyokamilika ni mangapi?"

Mama Kola akageuka kutazama. Yalikuwa arobaini.

"Sasa kola nyingine zinangoja nini?"

"Zinangoja mikono ya mashati."

Wote wakamgeukia Shangazi, mama wa makamo aliyeshona mikono ya mashati peke yake.

"Msinitolee macho!" akafoka. "Mkono wa shati unazunguka. Kola ni kunyoosha tu."

"Hakuna anayekulaumu, Shangazi," mpangaji akasema. "Kosa ni la mpango. Mashati hutoka kwa mwendo wa kazi inayochelewa kuliko zote. Kola zikitangulia, zinakaa tu. Ndiyo maana kila siku mnachelewa kutoka."

Mama Kola akautazama mlima wake. Miezi yote ile aliringa nao. Kumbe haukumfikisha nyumbani mapema hata dakika moja.

"Sasa nifanye nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukishona kola za kutosha kazi ya muda wa saa mbili, simama. Hamia kwa Shangazi umsaidie. Nao wakataji watakata vitambaa vya kesho leo, ili asubuhi msikae bure mkivisubiri."

"Na malipo yetu ya saa za ziada?" mmoja akadakia.

"Nimezungumza na meneja. Mkifikisha lengo ndani ya saa za kawaida, mtapata nyongeza. Itabandikwa ukutani, kila mtu aisome."

"Lakini mimi kushona mikono ya shati sijui," akasema Mama Kola.

Shangazi akavuta kiti. "Njoo nikufundishe, mwanangu. Leo ndiyo utajua kwa nini nasonya kutwa nzima."

Mikono ya kwanza ilitoka imepinda. Shangazi aliifumua huku akicheka. Wiki ya pili alifumua michache, na muda wa kubaki ukapungua. Wiki ya tatu, kengele ya saa kumi na moja ikalia. Msimamizi akahesabu mashati. Akahesabu tena.

"Nendeni," akasema, kama mtu asiyeamini maneno yake mwenyewe.

Mama Kola hakumbuki alipitaje getini. Alifika nyumbani jua bado lipo. Uani, watoto walikuwa wakiruka kamba. Binti yake akamwona, akasimama ghafla.

"Mama! Umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa. Tumemaliza."

"Na kesho je?"

"Kesho pia nitawahi."

Mtoto akafikiri kidogo, kisha akaonyesha kizingiti cha mlango.

"Basi kaa pale unitazame. Zamu yangu inakuja."

Mama Kola akakaa, mkoba mapajani. Bibi akatoka jikoni kumwita ale. Mama Kola akamwashiria anyamaze. Mtoto alikuwa anahesabu miruko yake kwa sauti, na mama hakutaka hata namba moja impite.